Naomba ushauri: ukaguzi wa hesabu, VICOBA na maombi ya MBA

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri, hasa waliopitia njia hii.

Kazi ni ukaguzi wa hesabu, Dar. Wateja wengi hufunga mwaka Desemba, hivyo Januari hadi Machi hakuna Jumamosi wala Jumapili. Raundi ya pili ya maombi ya MBA (shahada ya uzamili ya biashara), mfano Harvard, hufungwa mwanzoni mwa Januari, yaani moto juu ya moto. Nalenga ya kwanza, Septemba: GMAT (mtihani wa kuombea vyuo vya biashara, matokeo hudumu miaka 5) kufikia Juni, na watakaoniandikia barua za mapendekezo niwape miezi miwili.

Kinachonitatiza ni VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) ninazozisaidia kutunza daftari. Mwandishi wa daftari la kikundi asiposimamiwa huchanganya hisa na marejesho ya mikopo, na siku ya kugawana fedha za sanduku hazilingani na daftari. Hapo ndipo ugomvi.

Je, niandae waandishi wawili kila kikundi, nikague mara moja kwa mwezi? Au nibaki na kikundi kimoja tu? Na likizo bila malipo miezi mitatu kabla ya masomo, mabosi huikubali ikiombwa lini? Ushauri wa "acha hayo, tafuta hela kwanza" nimeshaupata nyumbani.