Sarafu ya Marekani yenye nyati: mwaka umefutika, nitautambuaje?

Mkazi wa Kirumba, Mwanza
Habari zenu wanajukwaa. Katika sanduku la marehemu babu, aliyekuwa baharia wa meli za hapa ziwani, tumekuta sarafu ya Marekani yenye kichwa cha mzawa wa asili wa nchi hiyo, manyoya yakiwa yamefungwa kwenye nywele zake, na nyuma yake nyati mwenye nundu. Mwaka hauonekani hata nikiigeuzageuza juani. Sonara aliyeipima amesema si fedha. Je, mwaka uliandikwa wapi?

Mpenda Sarafu, Bukoba
Ndugu yangu, sonara amesema kweli. Hiyo ni senti tano, kazi ya mchongaji James Earle Fraser, iliyofuliwa kuanzia 1913 hadi 1938 kwa shaba robo tatu na nikeli robo moja, yenye uzito wa gramu 5. Mwaka uliandikwa begani mwa yule mtu, mahali palipoinuka, kwa hiyo kila sarafu ilipopita mikononi mwa watu, bega ndilo lililosuguliwa kwanza. Fraser alichonga kwa jicho la msanii wa sanamu, na kwa maoni yangu Marekani haijapata sarafu ya matumizi ya kila siku iliyo nzuri kuliko hiyo. Uso ule aliuunda kwa kuunganisha sura za watu kadhaa, wakiwemo Iron Tail na Two Moons.

Sasa tazama miguu ya nyati. Akiwa amesimama juu ya kituta, sarafu ni ya mwanzoni mwa 1913. Maneno ya kutaja thamani yalikuwa juu ya kituta hicho na yangefutika upesi, ndiyo maana mwaka huohuo mchongaji mkuu wa serikali, Charles Barber, alikisawazisha na kuyashusha maneno chini ya mstari. Kasoro ya begani ilibaki hadi mwisho.

Mwalimu, Musoma
Naongeza kwamba robo dola ya Hermon MacNeil, yenye mwanamke aliyesimama langoni, ilikuwa na tatizo hilohilo tangu 1916, kwa sababu mwaka ulikaa kwenye ngazi chini ya miguu yake. Hiyo ilirekebishwa 1925, mwaka ukazamishwa.

Mkazi wa Kirumba, Mwanza
Nawashukuru sana. Nyati wangu amesimama juu ya mstari ulionyooka, na chini ya maneno ya thamani naona herufi S, imelika kidogo.

Mpenda Sarafu, Bukoba
S ni kiwanda cha San Francisco, ambacho hakikufua senti tano hizi mwaka 1922, wala 1932 hadi 1934, wala 1938. Miaka hiyo iondoe. Ipo kemikali ya kuchoma chuma inayoweza kuuibua mwaka, lakini huacha doa begani, na wakusanyaji huikataa sarafu ya namna hiyo. Tafadhali usiisugue kwa mchanga wala kwa dawa ya meno. Ifunge kwenye karatasi kavu, mbali na unyevu wa ziwa.