Miaka kumi ya Lindsay pale Gordon College: alikijenga chuo au alikiachia nyufa?

Mleta mada

Wakuu, naomba tuijadili hii kwa hoja na takwimu. D. Michael Lindsay, mwanasosholojia, alishika urais wa Gordon College mwaka 2011 akiwa na miaka 39. Ni chuo cha Kikristo kilichopo Wenham, Massachusetts, kaskazini mwa Boston, chenye wanafunzi wa shahada ya kwanza kama 1,500. Oktoba 2020 akatangaza kwamba anaondoka, na 2021 akahamia Taylor University kule Indiana. Aliyempokea kiti, Michael Hammond, alitoka Taylor hukohuko alikokuwa mkuu wa taaluma.

Wanaomsifu wanataja msaada wa dola milioni 75.5 uliotangazwa 2019 na punguzo kubwa la ada. Wanaomlaumu wanataja barua ya 2014 kwa Rais Obama, wajumbe saba wa seneti ya wahadhiri waliojiuzulu 2017, nafasi 36 za kazi zilizofutwa 2019, na kesi iliyofika hadi mlangoni mwa Mahakama ya Juu ya Marekani. Msimamo wangu ni kwamba pesa zilipatikana kweli, lakini kuaminiana ndani ya chuo kulipungua zaidi ya zilivyoongezeka pesa. Anayepinga aseme kwa nini.

Mhasibu wa vyuo

Napinga, mkuu, na nianze na hizo milioni 75.5, kwa sababu watu wengi wanazisoma kama pesa za kutumia. Zile ni za mfuko wa wakfu. Mtaji hauguswi. Unawekezwa, na kila mwaka chuo kinachota asilimia 4 hadi 5 ya thamani yake. Tukichukua asilimia 4.5, inapatikana kama dola milioni 3.4 kwa mwaka. Gawanya kwa wanafunzi 1,500: dola 2,265 kwa kila mmoja. Kwa chuo kinachoishi kwa ada hiyo ni nafuu kubwa, lakini haimfanyi mtu tajiri.

Na hata hizo haziingii zote mara moja. Vyuo vingi hupiga hesabu ya kuchota kwa wastani wa thamani ya mfuko katika robo mwaka 12 zilizopita, ili soko la hisa likianguka bajeti isianguke nalo siku hiyohiyo. Maana yake msaada mpya huanza kuonekana kidogo kidogo na hukamilika baada ya miaka mitatu. Ndiyo maana kuuliza "mbona walifukuza watu Mei halafu Oktoba wakapata mamilioni" ni kuchanganya mifuko miwili. Pengo la bajeti ya uendeshaji huzibwa na mapato ya mwaka, na mtaji wa wakfu ukishavunjwa kulipa mishahara, mfadhili mwingine hatakuja.

Punguzo la ada nalo. Ada ilishushwa asilimia 33 kuanzia mwaka wa masomo 2021/22. Vyuo binafsi vya Marekani hutangaza ada kubwa, kisha hurudisha zaidi ya nusu yake kama ruzuku kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Chukua ada ya 100 yenye punguzo la asilimia 50: chuo kinabaki na 50. Ishushe iwe 67 na punguzo liwe asilimia 25: chuo bado kinabaki na 50. Kinachobadilika ni kwamba mzazi wa kipato cha kati, anayeona bei ya 100 na kukata tamaa kabla hata ya kujaza fomu, sasa anaiona bei anayoweza kuifikiria. Huo ni uamuzi wa kiongozi anayejua soko lake, na aliufanya akiwa na mto wa wakfu wa kumkinga endapo idadi ya wanafunzi isingepanda.

Mhadhiri mstaafu

Ndugu Mhasibu, hesabu yako ya ada naikubali, ila umeruka sehemu inayouma. Anayenufaika zaidi na kushushwa kwa bei ni yule aliyekuwa analipa ada kamili, yaani mwenye uwezo. Yule aliyekuwa na ruzuku ya 60 kati ya 100 anaambiwa ruzuku yake imeshuka kwa kuwa bei imeshuka. Mwisho wa siku analipa kilekile. Kelele za tangazo huleta waombaji mwaka wa kwanza na wa pili, kisha vyuo jirani navyo hushusha, na faida inayeyuka.

Kuhusu nafasi 36: baadhi zilikuwa wazi, hilo ni kweli. Lakini historia, falsafa na sayansi ya siasa zikawekwa katika idara moja. Katika chuo kidogo, idara ya watu watatu ikipoteza mmoja, kozi za mwaka wa tatu na wa nne hazifundishwi kila mwaka tena. Mwanafunzi anasubiri kozi mwaka mzima, au anaruhusiwa kufanya mbadala usiolingana. Athari hiyo haionekani kwenye taarifa ya fedha. Huonekana miaka minne baadaye, kwenye idadi ya wanaohama.

Mwanasheria

Mnazungumzia pesa wakati tatizo lilianza na saini. Tarehe 1 Julai 2014 viongozi 14 wa kidini walimwandikia Obama wakiomba kwamba agizo lake la kuzuia ubaguzi dhidi ya mashoga na waliobadili jinsia kwa wenye kandarasi na serikali kuu liwe na msamaha kwa taasisi za kidini. Lindsay alisaini, na jina la Gordon likawa chini ya jina lake. Alieleza kwamba anatetea kanuni ya uhuru wa dini na wala haombi ruhusa ya kubagua. Sawa. Lakini agizo lilihusu kandarasi, na ruzuku na mikopo ya wanafunzi si kandarasi. Chuo hakikuwa na hasara ya moja kwa moja ya kuikimbia.

Gharama ikaja haraka. Mwezi huohuo jiji jirani la Salem likasitisha mkataba wa Gordon wa kuendesha jengo lake la kihistoria la Old Town Hall, likitaja sheria yake ya kutobagua. Kamati ya shule za Lynn, jiji jingine la jirani, ikaacha kupokea wanachuo wa ualimu kwa mazoezi. Anayesomea ualimu hapati leseni bila saa za kutosha darasani chini ya mwalimu msimamizi, kwa hiyo shule za wilaya moja zikifunga mlango, mratibu wa mazoezi anaanza kuzunguka upya akitafuta nafasi. Chombo cha ithibati (kinachothibitisha ubora wa vyuo) cha New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki mwa Marekani, nacho kikaujadili mwenendo wa chuo Septemba 2014 na kutaka taarifa. Machi 2015 chuo kikatangaza kwamba msimamo wake wa maadili, unaokataza vitendo vya mapenzi ya jinsia moja, unabaki. Ithibati haikuondolewa. Obama alitia saini agizo tarehe 21 Julai bila msamaha mpya, ila aliacha ule wa 2002 unaoruhusu taasisi ya dini kupendelea waumini wake katika ajira. Kwa hiyo barua haikupata ilichoomba, na bili ikaletwa Wenham.

Sasa kesi. Profesa mshiriki wa ustawi wa jamii, aliyepinga hadharani msimamo wa chuo, aliomba kupandishwa kuwa profesa kamili. Seneti ya wahadhiri ilimpendekeza kwa kura zote. Mkuu wa taaluma na rais wakakataa kulipeleka jina lake kwa baraza la wadhamini, wakitaja uchache wa machapisho na kasoro za utendaji. Wajumbe wote saba wa seneti wakajiuzulu. Mhadhiri akashtaki, na hiyo ndiyo DeWeese-Boyd dhidi ya Gordon College.

Chuo kilijitetea kwa kinga ya wahudumu wa dini: mahakama haiingilii taasisi ya kidini inapochagua wahudumu wake. Hapo itazameni hatua moja kwa makini. Oktoba 2016 kitabu cha kanuni za wahadhiri kilifanyiwa marekebisho, kikasema kila mhadhiri anatarajiwa kuwa mhudumu kwa wanafunzi. Wahadhiri walilalamika kwamba hawakushirikishwa. Tarehe 5 Machi 2021 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la Massachusetts ikaamua kwamba kinga haimhusu. Hakufundisha dini, hakuongoza ibada wala sala, hakupeleka wanafunzi kanisani. Kuoanisha imani na taaluma ni wajibu wa kila mwajiriwa wa chuo cha Kikristo, na wajibu huo peke yake haumfanyi mtu mhudumu. Cheo ulichoandikiwa kwenye kitabu hakitoshi kama kazi unayoifanya kila siku haifanani nacho.

Mchungaji

Mwanasheria, umeeleza vizuri ila umeishia njiani. Februari 2022 Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza rufaa, Jaji Alito, akiungwa mkono na wenzake watatu, aliandika kwamba ana wasiwasi na jinsi mahakama ya jimbo ilivyoielewa elimu ya kidini. Walikubali isisikilizwe wakati ule kwa kuwa kesi ilikuwa haijamalizika huko chini. Majaji wanne kati ya tisa si jambo dogo.

Na tukumbuke chuo hiki kilizaliwa kwa ajili gani. Mwaka 1889 Adoniram Judson Gordon, mchungaji wa kanisa la Kibaptisti la Clarendon Street, Boston, alianzisha shule ya kuandaa wamisionari, hasa wa kwenda Kongo, kwa sababu Wabaptisti wa Marekani walikuwa wamepokea misheni ya kule 1884 na hawakuwa na watu wa kutosha. Chuo chenye asili hiyo kikianza kusema mwalimu wa hesabu hana huduma, kimeacha nini cha kukitofautisha? Massachusetts ndilo jimbo la kwanza Marekani kuruhusu ndoa za jinsia moja, 2004. Rais yeyote aliyeshika msimamo wa kanisa pale angekutana na dhoruba. Mimi namhesabia Lindsay kwamba hakukimbia.

Mwanasheria

Mchungaji, kwa heshima zote, sipingi chuo kuwa na msimamo. Napinga utaratibu. Ukitaka wahadhiri wawe wahudumu, unafanya mambo matatu: unaandika majukumu hayo kwenye mkataba kabla ya kuajiri, unawapa kazi za kiroho zinazoonekana (kuongoza sala, kufundisha Biblia, kulea kundi la wanafunzi), na unawapima kwa hizo wakati wa kupandisha vyeo. Kubadili kitabu katikati ya ajira, bila ridhaa yao, kunampa wakili wa upande wa pili hoja ya bure.

Mhasibu wa vyuo

Nakubali hilo la kitabu. Ila bado nauliza: vyuo vidogo vya New England vimekuwa vikifungwa kwa kukosa pesa. Chuo cha Mount Ida, karibu na Boston, kilifungwa 2018 ghafla, wanafunzi wakabaki wanatafuta pa kwenda. Rais anayekiacha chuo chake na wakfu mnene amewapa wahadhiri haohao waliokasirika mahali pa kuendelea kugombania. Bila hilo, seneti ingekuwa ya nani?

Mhadhiri mstaafu

Swali zuri, na hapo ndipo ninapotofautiana na nyote wawili. Wakfu unaweza kutolewa na mfadhili mmoja kwa siku moja. Seneti hujengwa na watu wanaokubali kusoma mafaili ya wenzao bila malipo ya ziada, usiku, kwa kuamini kwamba pendekezo lao litapelekwa kwa wadhamini hata rais asipolipenda, yeye akaambatanisha maoni yake ya kupinga na wadhamini wakaamua. Hatua hiyo moja, kulipeleka faili na barua ya kupinga, ingeweza kuwabakiza wale saba kwenye viti vyao. Haikufanyika. Na Mahakama ya Juu ilipokataa kuisikiliza kesi, ikabaki Massachusetts, Lindsay alikuwa ofisini Indiana. Aliyebaki na mawakili ni Hammond.