Wakimbiaji Isyesye 🏃🏾 (JUMAMOSI HII!!)

Alhamisi

Mama Tumpe 05:48
Habari za asubuhi wanakikundi. Jumamosi ni keshokutwa. Mbio za nyika si kama zile za barabarani, timu inahesabiwa watu wanne. Narudia WANNE, wanawake na wanaume pamoja. Mpaka sasa nina mimi, Gwakisa na Anyisile. Wa nne nani?

Mama Tumpe 07:31
Mmesoma watu 19. Vidole vimeganda kwa baridi? 🙄

Gwakisa 07:40
Shikamoo mama. Sasa huyo wa nne akiwa mzito si anatuharibia?

Mama Tumpe 07:44
Marahaba. Asipokuwepo ndiyo tumeharibikiwa, timu haipo. Kila mtu anabeba pointi za nafasi yake. Wa 3 anabeba 3, wa 40 anabeba 40. Zinajumlishwa za wanne, mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Hata wa 40 akimpita mtu mmoja pale mwishoni katuokoa.

Anyisile 07:52
Pointi moja tu mama

Mama Tumpe 07:53
Moja tu? Simbu wetu kwenye marathoni ya dunia kule Tokyo 2025 kalingana muda na Mjerumani, 2:09:48 wote wawili, picha ndiyo ikaamua dhahabu ni ya nani. Usiidharau moja.

Fundi Saidi 08:15
Mimi juzi nilimkimbiza kuku wangu hapo korongoni akanishinda. Mwandikeni yeye

Tusa 08:16
😂😂😂

Gwakisa 08:16
Kuku yule alikuwa kambini

Mama Tumpe 08:20
Fundi, wewe nakudai 5,000 ya maji na ndizi tangu wiki iliyopita. Kuku ana nafuu, hajaahidi.

Baba Neema 10:02
Shemeji yangu kaja juzi toka Dar. Kila asubuhi anakimbia pale Coco Beach. Awe wa nne.

Mama Tumpe 10:05
Baba Neema, kule ni usawa wa bahari. Huku Mbeya tuko mita 1,700 na ushee. Kile kilima cha kwanza tu ataomba benchi. Mlete abebe ndizi.

Anyisile 12:37
Mama raba zangu zimeachia soli

Mama Tumpe 12:41
Nenda Mwanjelwa kwenye mitumba, tafuta zenye meno chini. Soli laini usiguse. Ule udongo wa korongoni unakamata kama ugali wa moto, mwaka jana ulinivua kiatu cha kushoto nikabaki mguu mmoja kama korongo. Kamba piga mafundo mawili, ncha zichomeke ndani. Na maharage Ijumaa usiku msile, nimesema.

Ambakisye 19:26
Mimi nipo.

Ambakisye 19:26
Nilikaa kimya makusudi, nawajua.

Tusa 19:30
Wa nne wa njia ya mkato kapatikana 😂

Gwakisa 19:31
Bro mwaka jana tulifutwa timu nzima

Ambakisye 19:33
Bendera ilikuwa imeanguka! Nimeona njia ya ng'ombe, nikajua ndiyo yenyewe. Na walionifuata nyuma mbona hawatajwi?

Tusa 19:34
Ng'ombe angesimama angalau

Mama Tumpe 19:36
Yaliyopita tuyaache. Ambakisye ana pumzi, namwandika. Limeisha.

Mzee Balozi 20:11
Wanangu nimesoma yote. Mwaka jana viazi vyangu vilikuwa kwenye maua. Matuta sita yalilala chini. Hakuna aliyekuja kunipa pole. Sikusema, nilingoja mje wenyewe. Mwaka huu tena viko kwenye maua. Kwangu hapapiti mtu mpaka Ambakisye aje na jembe.

Gwakisa 20:29
Shikamoo mzee

Anyisile 20:29
Shikamoo mzee. Tumesikia

Mama Tumpe 20:40
Shikamoo baba. Ndaga fijo kwa neno. Ila waandaaji wameshapiga chokaa, njia inapita pembeni ya matuta, si juu yake.

Mzee Balozi 20:52
Pembeni ndiko nilikopanda maharage.

Fundi Saidi 21:03
Basi maharage yamekatazwa mara mbili

Mama Tumpe 21:04
Fundi nyamaza.

Ijumaa

Mama Tumpe 05:50
Ambakisye umeamkia kwa mzee? Waandaaji wanafunga majina saa 10 jioni.

Ambakisye 09:18
Jembe lenyewe kabisa au ni namna ya kusema?

Mzee Balozi 09:20
La mpini.

Mama Tumpe 13:02
Bajaji mbili kesho saa 12 kamili pale kona. Michango imefika 15,000. Waandaaji wanasema wakizunguka nje ya shamba la mzee zitakuwa kilomita 9 badala ya 8, watatujibu.

Baba Neema 13:40
Shemeji anauliza ndizi ni ngapi

Mama Tumpe 15:47
AMBAKISYE

Gwakisa 15:55
Nimemwona sasa hivi, ana jembe begani

Mama Tumpe 15:55
Asante Mungu wangu

Gwakisa 15:56
Ila alikuwa anashuka kuelekea Uyole

Mama Tumpe 15:56
Kwa mzee si ni juu?

Mama Tumpe 15:58
Ambakisye pokea simu.