Mgeni nimtembeze wapi Dodoma zaidi ya Bunge na Nyerere Square?

Mhamiaji_Dom: Wakuu za jioni. Wikiendi hii nina mgeni anakuja na SGR kutoka Dar, hajawahi kufika Dodoma na anaamini huku ni vumbi na upepo basi. Bunge ataliona getini, Nyerere Square tunapiga picha mbili imeisha. Nataka sehemu ambazo akiondoka hasemi tena Dodoma hakuna kitu. Gari ya kukodi nimeshalipia advansi, nawaza Kolo Jumamosi, kule Kondoa kwenye michoro ya miambani. Mnaonaje? Nisaidieni haraka, hata usingizi sipati.

MzeeWaZabibu: Kolo mbali kijana, kama kilomita 180 kwenda tu. Mpeleke kwenye zabibu Hombolo au Bihawana. Ila angalia msimu, huku tunavuna mara mbili, Februari-Machi na tena Agosti-Septemba, nje ya hapo ataona vijiti na waya. Mimi mwaka fulani mnunuzi alinikimbia mzigo umeshakatwa, na zabibu haikusubiri, tulikula nyumba nzima mpaka watoto wakaanza kujificha wakiona sahani.

bi_mlenda: Jumamosi ni mnada Msalato, kwani we mgeni? Nyama unaichagua inaning'inia, unamwachia mchomaji, unazunguka kwenye mitumba ukirudi iko tayari na ndizi. Halafu kaka, mgeni gani huyo anakunyima usingizi?

Mhamiaji_Dom: Mgeni wa kawaida tu dada.

nzuguni_boy: Wa kawaida ndo unamkodia gari mpaka Kondoa? Wangu mimi namshusha Chinangali anakula chipsi anarudi kwao 😂

Mhamiaji_Dom: Haya, ni wife. Toka serikali ituhamishie huku amegoma kuja, yuko Dar na watoto. Sasa kasema anakuja kupaona, asipopapenda niombe uhamisho nirudi.

bi_mlenda: Na? Bado hujamaliza wewe.

Mhamiaji_Dom: Na nimeshajenga huku, kuta zimefika lenta, bado kupaua. Yeye anajua hela iko kwenye kiwanja Kigamboni. Ndo maana nikachagua Kolo, barabara ya Kondoa inapita Msalato na nyumba iko hukohuko, tukiwa tunarudi ameshafurahi nasimamisha gari namwambia mama nanii hapa unapaonaje. Msinitukane, nimefanya kwa ajili ya familia, bei za huku na Dar hazifanani hata kidogo.

Ustadh_Makole: Ndugu yangu, nyumba ya kificho haina baraka. Mwambie kabla hajapanda treni.

BintiKolo: Kaka mi kwetu ndo Kolo. Mkifika pitieni ofisi ya mambo ya kale mlipie mpewe wa kuwaongoza. Mungumi, penye michoro yenyewe, ni kupanda kwelikweli, mawe na jua, asije na viatu vya visigino. Juu ndo kuna wale watu warefu wembamba wamechorwa kwa rangi nyekundu, vichwa vikubwa kama wamefumua nywele, na wanyama. UNESCO waliiweka urithi wa dunia 2006 ila wazee wetu Warangi bado wanafanya matambiko pale, mkikuta kitu kimewekwa msiguse. Sasa mtu ameshuka Mungumi magoti yanatetemeka, koo limekauka, ndo umwonyeshe lenta? Anza na nyumba.

Mhamiaji_Dom: Hapana, nyumba mwisho. Na advansi nimeshatoa.

nzuguni_boy: Wakuu ngojeni kwanza. Huyu si ndo alileta uzi juzijuzi anatafuta mchumba, hajawahi kuoa? Chai hii, uongo mtupu.

Mhamiaji_Dom: Ule aliandika mdogo wangu, alishika simu yangu.

nzuguni_boy: Na mdogo wako naye mtumishi kahamishiwa Dodoma, naye anaishi Msalato 😂😂

bi_mlenda: Mi nilishaanza kumwonea huruma mke wa watu jamani.

Ustadh_Makole: Huyu dalali. Msalato, lenta, bei hazifanani, yaani mmesomeshwa tangazo.

MzeeWaZabibu: Chai sawa, ila kiwanja Msalato sasa hivi kinaendaje?

Mhamiaji_Dom: Mzee wangu mimi siuzi, nina matatizo yangu hapa. Ila jirani anauza, kimepimwa, njoo inbox.