Mipapai yangu nusu imetoa maua ya kuning'inia, niikate yote?

Kijana wa Mkuranga
Wakuu habari za leo. Mi niko Mkuranga, nina kieneo nyuma ya nyumba nikapanda mipapai, mbegu nilizitoa kwenye papai moja tamu balaa nililonunua sokoni nikasema hili lazima niwe nalo kwangu. Imekua vizuri tu imeshanipita kimo, sasa imeanza maua ndo nikachoka, karibu nusu ya miti maua yake yananing'inia kwenye vikamba virefu, madogo madogo mengi, yananukia sana ikifika jioni, ila hakuna hata moja linalokuwa tunda, yanamwagika tu chini. Ile mingine ua ni nene limebana kwenye shina, na baadhi yameshaanza vitunda ila vingi vinageuka njano na kudondoka vikiwa saizi ya kidole gumba. Jirani kaniambia nipigilie msumari kwenye ile midume itabadilika izae, mwingine anasema fyeka yote inakula mbolea bure. Nifanyeje? Na hivi kuna namna ya kujua dume na jike tangu kwenye mbegu?

Chongo la Shamba
Msumari tena 😂😂 kwetu Muheza wao walikuwa wanaukata kichwa. Na kuna siku unazaa kweli, basi aliyekata anatembea kijiji kizima anajisifu. Fyeka mkuu, panda mingine.

Ticha Bios
Usifyeke kwanza. Nijibu kitu kimoja, lile papai ulilotoa mbegu lilikuwa la duara au refu refu?

Kijana wa Mkuranga
Duara kabisa ticha, na ndani lilikuwa na uwazi mkubwa mbegu kibao. Kwani inahusiana?

Ticha Bios
Inahusiana sana. Mpapai una aina tatu sio mbili. Kuna jike, kuna dume, na kuna jikedume ambalo ua lake moja lina sehemu zote. Papai la duara mara nyingi limetoka kwenye jike, lile refu lililochongoka kidogo limetoka kwenye jikedume. Kwaiyo mama wa mbegu zako alikuwa jike, na jike hana chavua (ule unga wa kiume wa ua) hata punje, lazima alipata kutoka kwa mti mwingine, na kwa kuwa umepata midume nusu basi karibu hakika baba alikuwa dume wa vikamba.

Hesabu yake ni hii. Jike ana kromosomu (zile zinazobeba urithi) X mbili, dume ana X na Y, jikedume ana X na Y ya namna nyingine iliyotofautiana kidogo na ya dume. Jike kwa dume unapata nusu kwa nusu, ndo yaliyokukuta. Jikedume akijichavusha mwenyewe unapata majikedume mawili kwa kila jike moja na dume hakuna kabisa, kwa sababu mbegu inayorithi Y mbili inafia humo humo haifiki kuota. Mbegu kwa macho huwezi kuzitofautisha, wanaosema nyeusi ni jike na ya kijivu ni dume wanakudanganya. Maabara wanaweza kupima jani la mche ila kwa sisi wa nyuma ya nyumba ni kusubiri ua, kama miezi mitano sita hivi tangu kupanda.

Ua lenyewe ukilifungua halidanganyi. La dume ni mrija mwembamba, ndani kuna stameni kumi (vijiti vinavyotoa chavua) na ovari iliyodumaa. La jike petali zake tano zimeachana karibu mpaka chini na katikati limekaa kipapai kichanga cha kijani, hiyo ndo ovari, juu yake stigma, yaani pa kupokelea chavua, imetawanyika matawi matawi. La jikedume ni refu, petali zimeshikana kwa chini, na ina ovari na stameni zake kabisa.

Sasa vitunda vyako vinavyodondoka. Kile kipapai kichanga kipo kabla ya chochote kutokea, ukikiona usidhani tayari limeshika. Chembe ya chavua ikitua kwenye stigma inaota mrija unaoshuka mpaka kwenye ovuli (kile kinachokuja kuwa mbegu), unapeleka mbegu mbili za kiume, moja inaungana na yai inakuwa kiinitete (mmea mchanga ndani ya mbegu), ya pili inatengeneza chakula cha huyo kiinitete. Hiyo ni kwa mbegu MOJA nyeusi. Papai lina mamia ya mbegu, piga hesabu chembe ngapi zinatakiwa kwenye ua moja. Zikikosekana kabisa tunda mara nyingi mti unalitupa, zikiwa chache linakua dogo au linapinda upande. Ukame na joto navyo vinaangusha kwaiyo angalia na maji.

Kuhusu msumari, dume kweli kuna wakati anatoa maua machache yenye ovari nzima hali ya hewa ikibadilika, unaona vipapai vidogo vinaning'inia mwisho wa kamba. Hata usipogusa inatokea. Mtu akiwa alishapigilia ndo sifa zinaenda kwa msumari.

Kerio254
Niaje watu wa TZ. Mimi niko Kerio Valley, Kenya, huku mapapai na maembe ndio maisha. Hiyo ya kukata ndume zote tumeiona, watu walikata shamba lote halafu wakaanza kulia mapapai hayashiki. Huku kwetu watafiti walifuatilia wakapata mwenye kuchavusha mpapai ni nondo, wale wakubwa wenye mdomo mrefu wanaokuja giza likianza kuingia, wanaelea hewani mbele ya ua kama ndege. Ndio maana hayo maua ya ndume yananukia jioni. Na kitu cha kuchekesha, ua la jike halina asali hata tone, nondo anaenda hapo akidhani ni la ndume, anapata hasara, lakini chavua ashaiacha. Sasa ukitoa ndume zote nondo anakuja kufanya nini kwako?

Na mashamba yaliyo karibu na kichaka yanapata nondo wengi kuliko yale ya mbali, maana viwavi wake wanakula mimea ya porini. Ukimaliza kukata ndume ukafyeka na kichaka halafu ukapiga dawa jioni, usiulize mbona yanaanguka.

Mama Kitalu
Kijana pole, nakupa ya mkulima. Acha dume mmoja kwa kila majike kumi hivi, waliobaki toa. Safari nyingine weka miche mitatu kila shimo, subiri maua ndo upunguze ubaki na mmoja. Ukiweka mmoja mmoja ndo unaishia na nusu shamba halizai.

Mbegu usizipande na ule utelezi wake, ule unazuia kuota. Zisugue kwenye chujio au na majivu mpaka ganda lile la maji litoke, suuza, anika kivulini. Hata hivyo zinachukua wiki mbili tatu au zaidi, watu wanakata tamaa wanamwaga kitalu.

Kama ni biashara tafuta mbegu ya jikedume, aina kama Solo na wenzake, soko la mjini linapenda yale marefu na nyama yake nene. Ila mi binafsi kwa joto la Pwani nyuma ya nyumba sina shida na jike. Jikedume ana deko, jua likikaza na maji yakapungua maua yake yanageuka kama ya dume, unakuta shina lina pengo halina tunda kabisa halafu juu yanaanza tena. Baridi na maji yakizidi anatoa mapapai yana makunyanzi huwezi kumuuzia mtu. Jike hana mambo hayo mradi apate chavua.

Kijana wa Mkuranga
Dah nimepata darasa. Ticha hapo kwenye miche mitatu, kwa mbegu kama zangu za nusu kwa nusu si bado naweza kupata shimo lina madume matupu? Na mapapai ya hapa nikitoa mbegu nitapata utamu ule ule?

Ticha Bios
Unaweza, ni shimo moja kati ya manane. Kwa mbegu za jikedume aliyejichavusha shimo la kukosa jikedume ni moja kati ya 27, ndo faida yake. Utamu hakuna uhakika, baba anachangia nusu na baba wa papai lolote kwako ni yule dume ambaye hujawahi kuonja tunda lake, au wa jirani. Ukitaka uhakika chagua ua la jikedume bado halijafunguka, lifunike na kifuko cha karatasi, likijichavusha humo toa kifuko, funga uzi kwenye kikonyo ulitambue likikomaa.

Chongo la Shamba
Kwaiyo msumari niurudishe dukani 😂