Safari ya boti kwenye mifereji yenye malango: Midi, Caledonian au Mto Nile? Nishaurini wana Tanga

Shangazi wa Chumbageni

Assalaam aleikum wana Tanga na majirani zetu wa Pangani. Mwakani, Mungu akipenda, tunataka kusafiri kifamilia kwa boti kwenye mto au mfereji wenye malango, yale ambayo chombo kinaingia kwenye chumba cha maji, kinapandishwa au kushushwa, kisha kinaendelea na safari. Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto wawili wa shule, mdogo wangu ambaye ni baharia, na mama yetu mzazi. Mama amevuka miaka 70 na goti moja linamsumbua.

Tumechuja, tumebaki na njia tatu: Canal du Midi kusini mwa Ufaransa, Caledonian Canal kule Scotland, na Mto Nile kati ya Luxor na Aswan. Mdogo wangu anashikilia Scotland, mume wangu anataka Ufaransa. Mama anasema popote sawa, lakini namjua, hatasema akichoka. Aliyepita huko au anayeyajua mambo haya naomba anisaidie.

Nahodha wa Raskazone

Waaleikum salaam dada. Kabla ya nchi, elewa lango lenyewe, maana ndilo litakalopanga siku zenu.

Ni chumba cha mawe au zege chenye mlango mbele na mlango nyuma. Mkiwa mnapanda, mnaingia maji yakiwa chini, mlango wa nyuma unafungwa, kisha vinafunguliwa vidirisha vya kupitishia maji ya upande wa juu. Yanateremka yenyewe, hakuna pampu. Milango ikifungwa hukutana kwa pembe iliyoelekea kwenye maji mengi, kwa hiyo maji ndiyo yanayoikaza, na haifunguki mpaka pande zote mbili zilingane. Ukitaka kukisia kimo, nenda kaangalie gati siku ya bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Hapa kwetu maji hupanda mita 3 na ushei kutoka kupwa hadi kujaa. Lango la kawaida la mfereji halipishani sana na hapo, ila kazi ya saa sita linaimaliza kwa robo saa.

Hatari kubwa ziko wakati wa kushuka. Ya kwanza ni kamba. Usiifunge! Izungushe kwenye kigingi, ncha ibaki mkononi, uilegeze kadiri boti inavyoshuka. Ikifungwa, maji yanashuka na boti inabaki imening'inia upande mmoja, na watu wanaangukia upande wa pili. Ya pili ni kizingiti cha mlango wa juu. Mkiingia kiko chini ya maji, hamkioni. Maji yakipungua kinajitokeza, shetri (nyuma ya boti) ikikikalia, omo (mbele) inazama. Ukutani huwa kuna alama. Hakikisheni boti yote iko mbele yake. Mdogo wako haya atayashika mara moja. Watoto wape dapra, yale maboya ya kukinga ubavu wa boti, kamba washike watu wazima.

Atakayekuambia mpite Suez, mwambie haina lango hata moja tangu ilipofunguliwa mwaka 1869, kwa sababu bahari za pande zote mbili karibu zinalingana. Panama inayo, na meli zinapandishwa mita 26, lakini boti ndogo kule hutakiwa iwe na washika kamba wanne mbali na nahodha. Huko msimpeleke bibi na wajukuu.

Kwa hiyo kilomita ziache kwanza. Hesabu malango kwa siku, halafu jiulize mama atastahimili mangapi.

Toulouse hadi Tongoni

Nimesoma Toulouse, na Canal du Midi nimeitembea kwa miguu, kwa baiskeli na kwa boti. Shemeji yuko sahihi kuichagua, ila sehemu ya kupita ichagueni kwa makini, maana hapo ndipo watu wanapochosha wazee wao.

Mfereji wote ni kilomita 240, kutoka Toulouse hadi ziwa la chumvi la Thau kando ya Mediterania, na una malango zaidi ya 60. Aliyeujenga ni Pierre-Paul Riquet, mkusanya kodi ya chumvi, kazi ikaanza 1666. Kuchimba peke yake kusingetosha. Mfereji unaopanda mlima na kushuka upande wa pili unahitaji maji kileleni kila siku, kwa kuwa kila boti inayopita lango inateremka na maji yake. Riquet akakusanya mito ya milima ya Montagne Noire, akajenga bwawa la Saint-Ferréol, akayaleta maji mpaka Naurouze, karibu mita 190 juu ya bahari. Pale yanagawanyika, mengine yanaelekea Atlantiki, mengine Mediterania. Alifariki 1680, mfereji ukafunguliwa 1681. Mimi nikisimama Naurouze huwa namwombea, kwa kweli, maana maji yale bado yanakwenda.

Malango yake ni ya umbo la yai. Ukuta ulionyooka uliwahi kuporomoka, ndipo wakaupinda ili uhimili udongo unaosukuma kutoka nje. Ukiingia na boti usilale ubavu kwa ubavu na ukuta kama unavyofanya gatini; ukuta unakukimbia katikati. Weka dapra nyingi omo na shetri.

Sasa shauri lenyewe. Kati ya Argens na ngazi ya malango ya Fonserannes pale Béziers kuna kipande cha kilomita 54 kisicho na lango hata moja. Mnapita Le Somail, Capestang na handaki la Malpas, mama amekaa kivulini anakunywa chai. Mkitaka malango, pandeni kuanzia Argens kuelekea Homps, mpite machache mnavyopenda, mgeuze. Fonserannes yenyewe, ambako boti hupandishwa zaidi ya mita 21 chumba baada ya chumba, nendeni mkaitazame kwa miguu. Inatosha kabisa, na mama atapata benchi.

Leseni haihitajiki kwa boti ya kukodi, mnafundishwa siku ya kuichukua. Mwendo ni kilomita 8 kwa saa, mawimbi yasile kingo. Kodi ni ya boti nzima kwa wiki, mtagawana sita. Jiko limo ndani, na Toulouse bucha za halali hazina shida, nunueni kabla ya kuondoka. Malango hufungwa saa sita na nusu mchana hadi saa saba na nusu kwa chakula, na usiku hayafanyi kazi.

Kivuli nacho msikitegemee kila mahali. Ile mikuyu ya kizungu iliyopandwa kingoni imeshambuliwa na ukungu tangu 2006, imekatwa kwa maelfu, na miti mipya bado midogo. Inauma kuona.

Kijana wa Deep Sea

Mimi namtetea baharia mwenzangu. Caledonian ina malango 29 tu kwa kilomita 97, na kilomita zilizochimbwa ni kama 35. Zilizobaki ni maziwa marefu, Loch Ness likiwemo. Thomas Telford aliufanya ili vyombo visizunguke rasi za kaskazini zenye dhoruba, ukafunguliwa 1822. Malango yanaendeshwa na wahudumu, ninyi kazi yenu ni kamba. Pale Fort Augustus kuna vyumba vitano vinavyofuatana, na mara nyingi watu wanateremka boti wanaivuta kwa kamba wakitembea ukingoni, mmoja omo, mmoja shetri. Watoto watafurahi sana. Ngazi kubwa ya vyumba vinane iko Banavie, lakini boti za kukodi kwa kawaida hugeuzia juu yake.

Lakini Loch Ness ni refu, karibu kilomita 37, upepo unalifuata bonde moja kwa moja na mawimbi yanainuka. Maji ni baridi mwaka mzima. Mtu wa bahari ataona raha, ila bibi mwenye goti boti ikiyumba atashika wapi?

Mama Makorora

Hapo umesema kweli mwanangu. Mimi nilimpeleka mama mkwe Nile, na kwa mzee ndiyo safari ninayoiamini. Si boti ya kuendesha wenyewe, ni meli yenye vyumba, chakula kinapikwa, na baadhi zina lifti. Luxor mpaka Aswan ni siku tatu nne, mnasimama Edfu na Kom Ombo kuona mahekalu.

Shangazi, jua tu kwamba lango ni moja, la Esna. Meli zinapanga foleni, wakati mwingine kwa saa nyingi. Hapo wanakuja wachuuzi na mitumbwi, wanasimama chini kabisa ya meli, wanarusha kanzu na mitandio ikiwa kwenye mifuko mpaka juu ya sitaha. Ukipenda unarudishia pesa ndani ya mfuko uleule, usipopenda unarusha nguo. Mama mkwe alipatana bei kwa ishara za vidole kutoka ghorofa ya tatu mpaka akapata mtandio wake. Kwenda mbele ya Aswan hakuna, lile bwawa kuu halina lango la kupitisha meli.

Kitu kimoja mwangalie: gatini meli hufungwa ubavu kwa ubavu, tatu au nne, mnatoka kwa kupita ndani ya meli za wenzenu. Madaraja yale ya mbao mengine yana mwinamo mkali. Ombeni mhudumu amshike mama mkono, wamezoea.

Toulouse hadi Tongoni

Naongeza jambo la likizo, maana watoto ni wa shule. Likizo ndefu zetu ni Juni na Desemba. Desemba Midi na Caledonian hazina boti za kukodi, ni msimu wa matengenezo. Juni kule Aswan joto hupita nyuzi 40. Kwa hiyo Ulaya ni Juni, Nile ni Desemba. Na Scotland mwezi wa Juni jua linazama karibu saa nne usiku, Isha inachelewa mno, na visubi vinauma jioni. Viza ya Uingereza na ya Ufaransa ni mbili tofauti, ya moja haikuingizi kwenye nyingine.

Shangazi wa Chumbageni

Mungu awalipe. Swali moja kwa Nahodha: kwenye lango mama lazima atoke ndani ya boti? Nimeona picha za watu wanapanda ngazi za chuma ukutani.

Nahodha wa Raskazone

Hatoki. Anayepanda ni mmoja, au mnamshusha kwenye kigati kabla ya kuingia, anatembea mpaka juu na kupokea kamba. Mama akae chini, katikati ya boti, asisimame wakati maji yanaingia kwa nguvu. Msimruhusu mtu kuzuia ukuta kwa mguu au mkono. Boti ile ina uzito wa tani kadhaa.

Binti wa Bweni

Shangazi, kabla hamjalipa chochote mleteni mama Pangani. Mto wetu hauna malango, na mitambo ya Hale na Pangani Falls ilijengwa kwa ajili ya umeme, chombo hakipiti. Lakini boti za kupandisha mto zipo, mnapita katikati ya mikoko na minazi. Mtaona anavyoingia, anavyokaa, anavyogeuka, na kama goti linamruhusu kushuka kingoni.

Shangazi wa Chumbageni

Hilo nimelipenda. Tunakuja mwezi huu. Tukiona anaweza, ni Midi mwezi wa Juni, kipande kile cha Argens. Akishindwa, Nile Desemba. Mdogo wangu nimeshamwambia, amekubali. Tuje maji yakiwaje?

Binti wa Bweni

Njooni maji yanajaa, mpande na mkondo, mrudi yanapoanza kupwa. Yakiwa yamekupwa kingo ni tope tupu, mama atateleza kabla hajaifikia boti. Na mwambieni mwenye boti mapema alete kiti chenye mgongo.