Kioo cha mbele cha pikipiki: sabuni, petroli, polishi au dawa ya meno?

Mpanda_Bondo

Wadau, habari za leo. Juzi nimefunga kioo kipya cha mbele kwenye Boxer yangu, na hiki sitaki kife kama kile cha kwanza. Kila siku ya kazi natoka Bondo kwenda Kisumu, kama kilomita 60, na kurudi giza likiingia. Wanaokaa karibu na ziwa wanajua saa hiyo ni ya nani. Wale wadudu wa ziwa hunyanyuka juu ya maji kama moshi, na wakifika nchi kavu wanafuata taa. Nikiingia nyumbani kioo ni kama kimepakwa uji.

Kile cha kwanza nilikifuta kila jioni kwa shati kuukuu, kikavu, kwa haraka. Kikishika mafuta ya moshi wa malori, nilichovya tambara kwenye petroli. Miezi tisa haikuisha, kikawa na ukungu usiotoka, na kuzunguka bolti zikatokea nyufa nyembamba kama nywele. Usiku lori likija mbele, mwanga wake ulitapakaa kioo kizima, nami nikawa naendesha kwa kukisia. Jioni moja karibu na Kisian nilimkosa ng'ombe kwa shibiri moja. Nikajua hili si jambo la urembo wa pikipiki.

Njia ninazozisikia ni hizi: sabuni ya maji na kitambaa laini, petroli, ile dawa ya buluu ya kupulizia vioo vya madirisha, polishi ya fanicha au ya dashibodi, na dawa ya meno kwa mikwaruzo. Nani ametumia ipi, kwa muda gani, na kioo chake kiko hali gani leo?

Boxa_Nyekundu

Ndugu, mimi ni petroli tu, mwaka wa tano huu. Mafuta ya dizeli yanatoka mara moja, hakuna kusugua. Sabuni inataka muda, na asubuhi abiria wananingoja stejini hapa Kondele. Kioo changu hakijapasuka. Kina ukungu kidogo pembeni, lakini hicho ni cha zamani.

Fundi_Kibuye

Kaka Boxa, ukungu huo si uzee. Tunaponzwa na jina. Tunakiita kioo, basi tunakiosha kama kioo cha dirisha, kumbe ni plastiki. Ninavyovifunga hapa ni vya aina mbili. Kuna polikaboneti, ambayo ukiigonga inapinda badala ya kuvunjika, na ndiyo inayotumika hata kwenye kile kioo cha helmeti. Ngozi yake lakini ni laini, inakwaruzwa na chochote, ndiyo sababu kiwandani huipaka tabaka jembamba gumu juu yake. Kuna na akriliki: ngumu zaidi kukwaruza, na jua haliigeuzi manjano upesi, ila jiwe likirushwa na gurudumu la lori inaweza kupasuka vipande. Chungulia pembeni kwa chini. Vingine vina chapa PC, hiyo ni polikaboneti, au PMMA, hiyo ni akriliki. Visivyo na chapa ni vingi, hasa vile vinavyokatwa kwa mkono kutoka kwenye bamba.

Petroli inazidhuru zote mbili. Inapenya kwenye plastiki pale ilipokazwa au kupindwa, na mahali hapo kwenye pikipiki ni matundu ya bolti. Ndiyo maana nyufa za ndugu wa Bondo zilianzia hapo. Haziji siku ile ile, kwa hiyo mtu hamshuku mkosaji. Dawa ya buluu nayo nyingi ina amonia, na amonia huishambulia polikaboneti. Nyingine zina spiriti, ambayo huitia akriliki nyufa. Kwa vile wengi hawajui walicho nacho ni kipi, nawaambia wateja waache zote. Mafuta ya breki vilevile: yakidondoka kwenye kioo, mwaga maji papo hapo.

Mimi naipa sabuni ya maji ya vyombo nafasi ya kwanza, matone machache kwa ndoo. Sabuni ya unga hapana. Chembe zisizoyeyuka ni mchanga tu.

Dada_wa_Njoro

Fundi amesema kweli, ila sabuni naiona kama sehemu ndogo. Mkono ndio unaokwaruza. Huku Nakuru vumbi letu ni jepesi kama unga, na ndani yake mna chembe kali za mawe ya volkano. Nilikuwa na kitambaa kizuri cha mikrofaiba, kipya, na bado nilikwaruza kioo kwa sababu nilianza kufuta kabla ya kumwaga maji. Ilikuwa kama kupiga msasa kwa hariri.

Sasa nafanya hivi. Kwanza namwaga maji mengi kutoka juu, bila kugusa kitu. Kisha natandaza taulo kuukuu iliyoloa juu ya kioo kizima na kuiacha dakika 10 hadi 15, niende nikapike chai. Nikirudi, wadudu wamelainika na wengi wanatoka na taulo. Halafu maji ya sabuni, naosha kwa kiganja kitupu. Kiganja kinahisi chembe iliyobaki, kitambaa hakihisi. Nasuuza tena, na mwisho nakausha kwa kubonyeza kitambaa, sisugui. Karatasi za shashi na magazeti nimeziacha kabisa, nazo hukwaruza.

Jambo jingine la kwetu ni maji yenyewe. Maji ya visima vingi huku yana madini, na ukiyaacha yakauke juani yanaacha miduara myeupe. Maji ya mvua kutoka kwenye tangi hayaachi doa. Nayaweka kwa suuza ya mwisho tu, lita mbili zinatosha. Miduara ikishakuwepo, kijiko cha siki nyeupe kwenye kikombe cha maji, kisha kusuuza vizuri.

Mwalimu_Chavakali

Nizungumzie dawa ya meno kwa sababu nimeijaribu kwa pande zote mbili. Nilikuwa na kioo cha akriliki kilichokatwa na mafundi wa jua kali, hakikuwa na tabaka lolote. Dawa nyeupe ya kawaida, si ya jeli, kitambaa chenye unyevu, miduara midogo kwa dakika kama tano. Mikwaruzo myepesi ilififia nikafurahi. Basi nikafanya vivyo hivyo kwenye kioo cha helmeti. Majuto! Lile tabaka gumu lilichubuka kwa mabaka, na tangu siku hiyo ikinyesha usiku naona kama nimefunikwa chandarua usoni.

Dawa ya meno ina chembe za kusugua, haichagui mkwaruzo na pasipo na mkwaruzo. Inapunguza ngozi yote. Penye tabaka la kiwandani, usiiguse. Nilitaka kuokoa ile helmeti kwa msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, halafu kampaundi ya wapaka rangi wa magari. Ilirudi kung'aa, nakiri, lakini haikumaliza miezi minne ikaanza umanjano, maana kinga ya jua niliiondoa kwa mikono yangu. Niliinunua upya. Mkwaruzo unaoushika kwa ukucha hautoki kwa dawa yoyote ya jikoni, ndugu zangu.

Usiku_Timboroa

Mimi nabeba maziwa alfajiri kati ya Timboroa na Nakuru, kwa hiyo ukungu wa angani na wa kwenye plastiki vyote navijua. Polishi ya dashibodi niliipaka mara moja. Juani ilipendeza sana. Mvua ilipoanza, maji yaliteleza kwa michirizi ya mafuta, na kila taa ya trela ikawa na duara la rangi. Nilisimama kando nikaiosha kwa sabuni nikitetemeka na baridi. Siirudii.

Polishi ya fanicha ya kupulizia ni afadhali. Inaacha utando mwembamba unaoteleza, wadudu hawashikani sana, na mikwaruzo midogo inazibwa kidogo. Lakini ipulizie kwenye kitambaa safi kwenye kioo kilichokwisha kuoshwa, ifute mpaka usione alama, na usome kopo. Ikitajwa amonia au viyeyusho vya petroli, iache dukani. Nje kuna dawa za plastiki hasa, kama Plexus na Novus, na hiyo Novus inatoka kwa namba tatu: ya 1 ya kusafisha, ya 2 ya mikwaruzo myepesi, ya 3 ya mikwaruzo mizito. Ndugu yako akirudi kutoka ng'ambo, agiza.

Na ndugu wa Bondo, kabla ya yote angalia urefu wa kioo chako. Ukingo wa juu ukifika usawa wa pua, macho yanapita juu yake na upepo bado unakukwepa. Wengi wanafunga virefu hadi kipaji cha uso, kisha wanalazimika kutazama kupitia plastiki usiku wa mvua. Changu nilikipunguza, na hata kikichafuka barabara naiona.

Boxa_Nyekundu

Dada wa Njoro, nimekusikia, lakini taulo la dakika 15 stejini nitaliweka saa ngapi? Na hawa vijana wa kuosha kwa mashine ya presha, wanafaa au hawafai?

Dada_wa_Njoro

Kaka, beba chupa ya maji ya lita moja na kitambaa kilicholoa ndani ya mfuko wa nailoni. Ukishusha abiria, bandika hicho kitambaa kwenye kioo wakati unasubiri mwingine. Hata dakika tatu zinasaidia. Kwa waoshaji, mwambie asimame na mashine yake mbali na kioo, na asiguse kioo na sponji lile linalotoka kwenye madigadi. Hilo sponji limebeba matope ya pikipiki zote za asubuhi. Mimi kioo naosha mwenyewe, yeye anapata zilizobaki.

Mpanda_Bondo

Nimerudi baada ya wiki moja. Kile kioo cha zamani sikukitupa. Nilikata vipande vitatu upande ambao haukuwa na nyufa, nikavipinda kama upinde kati ya misumari kwenye ubao, ili vikazwe kama vinavyokazwa na bolti. Kimoja nikakipaka petroli asubuhi na jioni, kimoja dawa ya buluu, kimoja maji ya sabuni ya vyombo.

Cha petroli kilianza kuonyesha vijistari vidogo siku ile ile kabla ya chakula cha usiku, na siku ya pili nilipokigusa kikakatika mkononi. Cha dawa ya buluu kilikaa kimya mpaka siku ya nne, ndipo nyufa zikaonekana kwenye mgongo wa upinde. Cha sabuni kiko vile vile hadi leo asubuhi. Nimeweka vyote dirishani mtoto wangu avione. Kwa kioo kipya nimechagua taulo, sabuni, kiganja na maji ya mvua, na polishi ya fanicha Jumapili tu.

Boxa_Nyekundu

Hicho kilichokatika mkononi kimenimaliza, omera. Leo nimekagua changu kwenye jua na nimeona nyufa mbili chini ya bolti ya kushoto. Fundi, nibadilishe au kinaokoleka?

Fundi_Kibuye

Kama hazijafika urefu wa kidole, toboa tundu dogo la milimita 3 penye ncha ya kila ufa, polepole, bila kulazimisha drili. Ufa ukifika kwenye tundu la duara husimama. Kisha fungua bolti zote. Kata washa za raba kutoka kwenye tyubu kuukuu, weka moja mbele na moja nyuma ya kioo, na ukaze kwa vidole hadi raba ianze kubanwa, halafu robo mzunguko kwa spana. Usitie gundi ya nyuzi za bolti, nayo hupasua polikaboneti. Ufa ukishavuka tundu ulilotoboa, kitoe. Nipo Kibuye kila siku isipokuwa Jumapili, kilete nikiangalie.